Viungo vya Unga Vinatupotezea Fedha



Naomba unipe nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limekwisha nipatia kicheko bwenini. Wenzangu wanasema kuwa mambo ya binzari na hiliki ni ya akina mama, na kwamba mvulana wa Kidato cha Nne aliyekaribia mtihani wa taifa ingempasa kuandika juu ya faida za elimu. Sikatai. Lakini faida za elimu zimekwisha andikwa katika gazeti hili mara nyingi, na sijamwona mtu aliyezisoma mara mbili. Tena siku ya mahafali, pilau linapofunuliwa, hao hao wanaonicheka ndio wa kwanza kupanga foleni.

Maoni yangu ni haya. Sisi watu wa huku, tangu milima ya Mbinga mpaka pwani ya Ziwa Nyasa, twanunua viungo vilivyokwisha sagwa, katika vipakiti vidogo vidogo, kwa kuwa twadhani kwamba ndivyo vya bei rahisi. Kumbe ndivyo vilivyo ghali kuliko vyote. Na anayeumia si tajiri, maana tajiri akikosa ladha huongeza nyama. Anayeumia ni yule anayehesabu shilingi mia tano kabla ya kuitoa.

Namjua mtu huyo vizuri, maana ni mama yangu. Ana kibanda cha chakula pale Mbamba Bay, si mbali na bandari. Asubuhi huuza chai ya tangawizi na maandazi. Mchana wali na maharage, au ugali wa muhogo na samaki. Na siku ya meli kutoka Kyela hupika pilau, kwa sababu abiria hushuka na njaa. Wateja wake wengine ni wavuvi, wachukuzi wa mizigo na vijana wa bodaboda. Kwa kibanda hicho nimenunuliwa godoro, sanduku, sare na madaftari, na nauli ya kupanda mlima kuja shuleni kila muhula. Ada ilifutwa mwaka 2016, nasi twashukuru, lakini ada si gharama peke yake, kama kila mzazi anayesoma gazeti hili ajuavyo.

Katika likizo ya mwaka jana niliona kitu kilichonishangaza. Zamani pakiti moja ya binzari ilitosha sufuria mbili za maharage. Sasa sufuria moja ilimeza pakiti mbili, na bado mzee mmoja mvuvi alimwambia mama, kwa adabu kabisa, kwamba maharage ya siku hizi yana rangi lakini hayana habari. Mama akazidi kumimina. Nilipofungua daftari lake la mahesabu nikakuta vipakiti nane kwa wiki moja, yaani shilingi 4,000, kwa chakula kilichopata kuwa na ladha zaidi kwa nusu ya fedha hiyo.

Basi nikaenda kuvitazama vipakiti vyenyewe dukani. Vilikuwa vimening'inizwa kwa kamba mlangoni, vinakabili ziwa, jua la saa tisa likivipiga barabara. Vile vya mbele vilikuwa vimepauka. Nilipomwuliza mwenye duka vimekaa hapo tangu lini, alinijibu kwamba hajui, ila havijaoza. Hiyo ni kweli. Havikuoza. Vilikuwa vimekuwa vumbi.

Hapa nawaomba wasomaji wanisamehe nikilete kidogo darasa letu la Kemia. Harufu na ladha ya kiungo ni mafuta mepesi yaliyofichwa ndani ya mbegu, gome, mzizi au chipukizi la mti. Mafuta hayo hupenda kuruka hewani, ndiyo maana twaweza kuyanusa. Muda kiungo kinapokuwa kizima, mafuta yamefungiwa ndani kama watu waliofunga mlango. Ukikisaga, umevunja kila mlango kwa wakati mmoja. Chukua mchemraba wenye upande wa sentimeta moja: eneo lake la nje ni sentimeta za mraba 6. Ukate vipande vyenye upande wa milimeta moja, utapata vipande 1,000, na maeneo yao yote ukiyajumlisha ni sentimeta za mraba 60. Umeongeza mara kumi, na unga wa binzari ni mdogo kuliko hapo. Ndiyo sababu mawe ya chokaa ya unga yalitoa povu upesi katika asidi kuliko vipande vikubwa, siku ile tuliyofanya jaribio hilo na mwenzetu mmoja akamwagia shati lake.

Lakini kwa watu wa Mbinga sina haja ya kusema mambo ya michemraba. Hii ni nchi ya kahawa. Mkulima gani wa Kimatengo aliyepata kuihifadhi kahawa yake ikiwa imesagwa? Huitunza na ganda lake jembamba, kwa sababu lile ganda huilinda mpaka siku ya kukobolewa. Na waonjaji wanaopanga ubora wa kahawa huisaga saa ile ile ya kuionja, si jana yake. Tunalijua jambo hili barabara kwa kahawa tunayowauzia wengine, kisha twalisahau tunapofika kwenye binzari tunayokula wenyewe.

Na huko ziwani twajua vile vile. Mama yangu hanunui usipa bila kuwanusa. Hutia mkono chini ya fungu, maana ya juu ni ya kumvutia mnunuzi, hutoa konzi moja, hunusa, huvunja mmoja kuona kama umekauka mpaka ndani, kisha ndipo huanza kubishania bei. Wauzaji wamekwisha mzoea. Lakini mwanamke huyo huyo hununua kipakiti kilichofungwa asichoweza kukinusa wala kukishika wala kukiona ndani, akakilipia bila neno.

Nilipokwisha kuyafikiri haya nilijiona mwenye akili sana, nikafanya kosa. Siku moja mchana, mbele ya wateja, nilimwambia, "Mama, viungo vyako vimekufa." Watu wakacheka. Mama hakunijibu, aliendelea kupakua. Usiku, tulipokuwa tukiosha masufuria, akaniuliza kwa sauti ya upole, "Baba, mimi naamka saa kumi alfajiri. Hivyo vizima vyako nitavitwanga saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nami nasema wazi kwamba wengi wanaoandika kuwashauri akina mama wapike hivi na wasipike vile hawajapata kuulizwa swali hilo. Kipakiti kile hakiuzi binzari tu. Kinauza nusu saa ya usingizi kwa mtu aliyechoka. Mtu anayetaka mama yake aache vipakiti, na ashike mchi yeye mwenyewe. Niliushika. Mchi wa mama una mahali pa mkono laini palipochakaa, na mkono wa mvulana watosha hapo bila taabu.

Mwanzo wangu haukuwa mzuri. Nilinunua binzari nyembamba nzima, nikaitwanga vizuri, nikaitia katika mafuta yaliyokuwa yakitoa moshi. Ikaungua mara moja, ikawa nyeusi na chungu, nami kwa ubishi nikaendelea, nikatia mchele juu yake. Wavuvi walikula, kwa sababu walikuwa wamelipa. Mmoja akasema leo tumepikiwa dawa ya homa. Mama alicheka mpaka akakaa chini, na nadhani siku hiyo ndipo aliponisamehe lile neno la mchana.

Tangu hapo nimejifunza taratibu, na mengi nimefundishwa na bibi mmoja auzaye viungo katika soko la Mbinga, ambaye humwendea kila Jumamosi tunapopewa ruhusa ya kutoka. Mara ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo bibi," nikamwambia nataka binzari. "Marahaba mjukuu wangu," akajibu, "binzari ipi?" Nikaduwaa. Kumbe kwa mwingine binzari ni manjano, ule mzizi wa rangi. Kwa mwingine ni ile mbegu nyembamba iliyo nyumba ya pili kwa pilau, ambayo Waunguja huiita pia uzile. Na kwa mwenye duka la vipakiti binzari ni mchanganyiko wa vitu ambavyo hata yeye hawezi kuvitaja. Nyumba ngapi zimekula pilau la manjano kwa sababu mtoto alitumwa binzari bila kuambiwa ipi! Mzazi anayemtuma mtoto dukani yafaa ataje jina lote.

Bibi huyo alinifundisha kununua kwa pua na kwa kucha. Karafuu ni chipukizi la ua ambalo halijafunguka. Iliyo njema ina kichwa chake cha mviringo, na ukiibana kwa ukucha hutoa mafuta kidogo. Ukiitia majini huzama, au husimama wima. Ile iliyokwisha kukamuliwa mafuta hulala ubavu juu ya maji kama kijiti. Karafuu za Unguja na Pemba huchambuliwa kwa mkono, zikatengwa na vikonyo vyake vinavyoitwa makonyo, kisha huanikwa juani juu ya majamvi mpaka zikauke. Makonyo nayo yana mafuta, lakini ni machache, na bei yake si ya karafuu. Ukinunua karafuu ya unga, nani atakuambia kama umesagiwa vichwa au makonyo?

Pilipili manga vile vile. Mbegu ya papai iliyokauka hufanana nayo mno, nayo hupatikana bure. Katika kipakiti cha nzima utaiona, maana imejikunja na ni ndefu kidogo. Katika unga huioni. Hiliki inunuliwe ndani ya ganda lake, lililofungwa na lenye rangi ya kijani. Ukilipasua mbegu ziwe nyeusi na zenye kunata. Wako wanaouza mbegu tupu zilizokwisha menywa, wakisema wamekupunguzia kazi. Wamekupunguzia hiliki.

Juu ya mdalasini nilipata jambo ambalo sikulijua. Yako magome ya aina mbili yanayouzwa kwa jina hilo moja. Lile la Sri Lanka ni jembamba, limekunjwa tabaka juu ya tabaka kama karatasi, nawe waweza kulivunja kwa vidole. Lile jingine ni nene, gumu, lenye mkunjo mmoja, harufu yake ni kali zaidi. Hilo la pili lina kitu kinachoweza kudhuru ini likiliwa kwa wingi kila siku. Kipande katika pilau la Jumapili si neno. Bali anayetia kijiko cha unga katika uji wa mtoto kila asubuhi, ajue anatia gome gani.

Wengine wataona ninatia hofu bure. Basi nitaje mambo yaliyotokea. Mwaka 2005 huko Uingereza mamia ya vyakula viliondolewa madukani kwa sababu ya pilipili ya unga iliyotiwa rangi nyekundu iitwayo Sudan, ambayo kazi yake ni kutia rangi nta na dawa ya viatu. Mwaka 2019 wataalamu waliofanya kazi Bangladesh walieleza kwamba manjano yalikuwa yakisuguliwa kwa rangi ya njano yenye madini ya risasi ili yang'ae, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto; serikali ya huko ikachukua hatua. Na mwaka 2023 watoto wengi wa Marekani walikutwa na risasi katika damu baada ya kulishwa matofaa yaliyopondwa na kutiwa mdalasini wa unga. Hao ni watu wenye maabara kila mji, na bado walidanganywa na unga.

Ni haki niseme pia kwamba kule Bangladesh ilikuwa mizizi mizima ya manjano iliyopakwa rangi, kabla ya kusagwa. Kwa hiyo uzima peke yake si kinga kamili. Manjano yanayong'aa kupita kiasi, yenye rangi inayobaki nyingi vidoleni, nayaacha. Njia iliyo bora kwa manjano na tangawizi ni kupanda mwenyewe. Mizizi hii hustawi penye joto, mvua na kivuli kidogo. Watu wa Mamba Miamba, kule Same, wamejulikana nchi nzima kwa tangawizi yao, na sioni kwa nini uwanja ulio nyuma ya jiko la mtu wa Mbamba Bay, ambapo maji ya kuoshea vyombo humwagwa kila siku, uote magugu tu. Mwaka jana nilifukia vipande sita vya manjano hapo. Kuku walifukua viwili.

Na kama lazima ununue unga, basi tazama alama ya TBS na tarehe, wala usikichukue kipakiti kilichoning'inia juani. Mwambie mwenye duka akutolee cha ndani ya boksi. Hilo halina gharama ila maneno mawili.

Sasa kuhifadhi. Hapa watu wa mlimani na watu wa ziwani hawana shida moja. Mbinga kuna baridi, na kiungo hukaa vizuri ukikificha tu. Ukishuka ile barabara ya kilomita 66 mpaka Mbamba Bay umeingia nchi nyingine: joto, na wakati wa masika hewa imejaa maji hata chumvi hulia machozi ndani ya kopo. Binzari ya unga niliyoteremka nayo mwezi wa Desemba ilikuwa imeshikana kuwa tonge kabla ya mwezi wa Februari. Nzima niliyoteremka nayo siku ile ile ilikuwa salama.

Maadui wa viungo ni wanne: mwanga, joto, hewa na unyevu, na jiko la kwetu huvikaribisha vyote pamoja. Bibi yangu huweka mbegu za mahindi darini juu ya moto ili moshi ufukuze wadudu, na kwa mahindi ana haki kabisa. Lakini mama alikuwa akiweka na viungo pale pale, kwa desturi hiyo, na joto lilikuwa likivikamua mafuta mchana kutwa. Tumevihamishia chumba cha kulala, chini ya kitanda, ndani ya makopo ya maziwa ya unga yenye vifuniko vinavyobana. Kijiko kinachoingia humo kiwe kikavu. Wala usikung'ute kopo juu ya sufuria inayochemka, maana mvuke huingia ndani, na wiki ijayo utakuta ukungu.

Neno hili la ukungu nataka nilikazie. Pilipili nyingi huanikwa chini, juu ya mchanga, zikanyeshewa, zikaanikwa tena. Ukungu ukiota juu yake waweza kuacha sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Wengi wetu tukiona pilipili au karanga zenye ukungu twazifuta kwa kitambaa na kuendelea, kwa kuwa kutupa chakula ni vibaya. Afadhali zitupwe. Na zianikwe juu ya uchanja, kama usipa waanikwavyo na watu wanaojali kazi yao.

Katika kupika sina mengi, maana kila nyumba ina mkono wake. Binzari nyembamba na giligilani nizikaange kwanza pakavu, moto mdogo, kila moja peke yake, kwani giligilani ni kubwa na huchelewa. Zikianza kunukia naziepua, nazitwanga zikipoa. Katika sufuria, vitunguu vikibadilika rangi ndipo natia kilichotwangwa, nakoroga kwa muda wa kuhesabu hamsini, kisha nyanya, ili maji yake yapoze mafuta. Viungo vingi hutoa ladha yake katika mafuta kuliko katika maji. Anayevinyunyizia juu ya maharage yaliyokwisha iva amechelewa. Hiliki na karafuu kwa pilau zaweza kuingia nzima, mapema.

Jambo moja lilitutisha. Mama hupika maharage kwa magadi ili yaive upesi. Siku niliyotia manjano mabichi kutoka shambani, mchuzi uligeuka mwekundu kama damu ya mzee, na mteja mmoja akaondoka. Si uchawi. Manjano hugeuka rangi yakikutana na magadi, kama ile karatasi ya maabara inavyogeuka. Ukikamua limau rangi ya njano hurudi, nasi tulifanya hivyo, ila mteja alikuwa amekwisha kwenda.

Wapo pia wanaosema kwamba viungo ni mambo ya watu wa Unguja na ya Wahindi, na kwamba chakula chetu cha Nyasa ni chumvi tu. Kwa magege aliyetoka majini asubuhi nakubaliana nao. Huyo atakaye kumfunika kwa binzari ana kitu anachokificha. Chumvi, nyanya na limau vyamtosha. Lakini usipa mkavu wa mwezi mzima wahitaji tangawizi na pilipili. Na kama ugeni ndio kosa, basi pilipili ilitoka Amerika, na mahindi yalitoka huko, na muhogo nao ulitoka huko. Anayekataa karafuu kwa kuwa ni mgeni na aanze kwa kuacha ugali.

Niliporudi shuleni Januari tulikuwa tukitumia chini ya nusu ya zile shilingi 4,000, na yule mzee mvuvi alikuwa amerudia kula kwetu kila siku. Nilijisifu sana bwenini. Mwezi wa Machi nilikwenda nyumbani siku tatu kwa ajili ya msiba. Nikafungua kabati la kibandani, nikakuta vipakiti vimerudi, vinne, vimepangwa nyuma ya sukari kana kwamba vinajificha. Sikusema kitu. Mdogo wangu wa kike huenda shule saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni, akateka maji. Mdogo wangu wa kiume alisema kutwanga si kazi yake. Nilikaa naye usiku ule nikamwonyesha mchi unavyoshikwa. Sasa hutwanga kila Jumapili baada ya kanisa, ya siku tatu tu, kwa malipo ya andazi moja, na siku zinazobaki mama hutumia kipakiti. Sijapata njia iliyo bora kuliko hiyo. Kama yuko mzazi au mwalimu aliyeipata, namwomba aiandike katika gazeti lijalo.

Juma lililopita mama alinitumia shilingi elfu tano kwa mtu aliyepanda Mbinga kuuza samaki, pamoja na maneno kwamba nimnunulie robo ya binzari nyembamba kwa yule bibi wa sokoni, na kwamba nisikubali ya juu, nitie mkono chini ya gunia, ninuse kwanza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne